Siku Onorable Alipopanda Ponti

Naanza na jambo ambalo wenzangu wa kiwandani hawapendi nikilisema: sikuwapinga wageni kwa sababu ya nchi. Wengine walipinga kwa sababu ya nchi, ya babu zao, ya mali iliyo chini ya miguu yetu, na waliyoyasema yalikuwa kweli tupu, nami niliwapigia makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini minye, mimi hapa, nilipinga kwa sababu ya kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, mgongo umechanika, sponji inatoka nje. Kilikuwa ndani ya kijumba cha vioo kinachoning'inia chini ya ponti. Ponti ndivyo tunavyoiita ile winchi kubwa inayotembea juu kwenye reli mbili, chini kidogo ya paa, kutoka kwenye tanuru hadi mlango wa nyuma. Kiwanda chetu cha Likasi, hapa Katanga, kinayeyusha vyuma chakavu na kumwaga chuma kipya: magurudumu ya mabehewa, mipira mizito ya kusagia mawe ya madini, vipuri vya kila aina. Mle ndani hakuna kitu kizito kinachohama bila ponti. Nilifagia mchanga wa kalibu miaka minane nikiiangalia kutoka chini. Dereva wa zamani alipostaafu nikaomba kazi yake, wakacheka. Nikaomba tena. Mwishowe wakanipa miezi sita ya majaribio, nadhani ili ninyamaze.

Siku niliyopanda mara ya kwanza nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Niliona kwa juu vichwa vya wanaume wote walioniambia kwamba mwanamke hapiti karibu na tanuru, eti chuma kitakataa kuiva. Nusu yao walikuwa na upara, na miaka yote ile sikuwa nimejua. Chuma kiliiva vizuri tu.

Mama yangu anauza munkoyo kwenye geti la kiwanda, ile pombe tamu ya mahindi isiyolewesha mpaka uisahau siku mbili. Alimwambia kila mteja, "Mutoto wangu iko nafanya kazi mbinguni." Mteja akiuliza mtoto alikufa lini, mama alikasirika na kumpimia kikombe pungufu.

Basi zilikuwa zimebaki wiki sita majaribio yangu yaishe, ndipo habari ikafika kwamba serikali inataka kuuza kiwanda kwa wageni. Wageni wa wapi, kila mtu alikuwa na nchi yake. Fundi mmoja alitaja nchi tatu kabla ya chakula cha mchana. Lililonifikia minye ni dogo zaidi. Wageni, walisema, watafunga ponti ya kisasa isiyo na kijumba. Dereva atabaki chini, kisanduku chenye vitufe kimefungwa tumboni, anatembea nyuma ya mzigo kama anachunga mbuzi.

"Na kiti?" nikauliza.

"Kiti? Batakitupa mu tanuru," akajibu muongozaji wangu. "Kitatoka mupira moja ya kusaga mawe."

Muongozaji ni mtu wa kuelezwa. Dereva wa ponti hasikii kitu kule juu, kelele imejaa, kwa hiyo chini kuna mtu mmoja anayemwelekeza kwa mikono: nyanyua, shusha, njoo, nenda. Wangu alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia ya njano na ulimi mkali, na ndiye aliyenifundisha kazi yote. Somo la kwanza alinipa kabla sijagusa hata ngazi.

"Sikiliza weye. Unafuata paka mikono yangu, ya mwingine hapana. Direkta akikupungia, jifanye kipofu. Mufalme akikupungia, kipofu. Lakini iko alama moja, ile kila muntu anaweza kukupa." Akapanua mikono yote miwili, huku na huku, mpaka mwisho. "Hii ni simama. Akikupa mulevi, unasimama. Akikupa muntu wa wazimu, unasimama. Unasimama kwanza, utauliza kisha. Siku utachagua mikono ya kuheshimu, siku ile utaponda muntu."

Alinirudisha kwenye somo hilo mara nyingi mpaka nikawa nasimama hata mtu akijinyoosha baada ya usingizi.

Tuache kazi kidogo, turudi kwenye siasa, maana wiki zile Likasi ilikuwa na raha isiyo na adabu. Sijawahi kuona watu wakikasirika kwa furaha namna ile. Wafanyakazi wa saruji wa Kakontwe walikuja kutuunga mkono wakiwa weupe wa vumbi, kope na vyote, wakapanga mstari mbele ya geti kama watu waliotoka ndani ya gunia la unga. Wengine walikuja kwa baiskeli kutoka Kambove kwa sababu walisikia kuna maandamano na kuna chakula. Maandamano yalikuwepo. Madereva wa taksibasi walipiga honi tatu kila walipopita, abiria wakaitikia, "Chetu!" Kwaya yetu ya kiwanda, ambayo miaka yote iliimba mazishini tu, ilitunga wimbo wa kukataa wageni, na kwa vile hawakujua mwendo mwingine, ulikuwa wa mazishi, mtu mmoja akauongezea ngoma, ukachezeka. Mama aliishiwa munkoyo kabla ya saa nne kila asubuhi, akaanza kumwomba Mungu ugomvi usiishe haraka.

Na minye? Nilikuwa mbele, jamani. Nilibeba kifuniko cha sufuria na mwiko, nikavigonganisha kutoka kituo cha treni hadi ofisi ya meya. Sauti ilinikauka Jumanne, ikarudi Alhamisi, nikaikausha tena. Mtu akinisimamisha sokoni kuniuliza bei ya nyanya, namjibu kwa hotuba. Nilikuwa na furaha ya mtu anayejua anachokitaka: kile kiti, na mapaja yangu juu yake.

Kisha akaja Onorable. Huyo ni mbunge wetu, na huku kwetu mbunge tunamwita hivyo mbele yake na nyuma yake. Alikuwa na kifua, suti ya bluu, viatu vyenye ncha, na mikono mirefu kuliko haki ya mtu mmoja. Aliapa mbele ya geti kwamba yeye akiwa hai kiwanda hakitauzwa. Alisema atasimama mbele ya tume inayoamua mauzo huko Lubumbashi siku ya Alhamisi na kusema hapana mpaka vioo vipasuke. Nililia. Nilimlilia kabisa, kamasi na vyote. Nilisema moyoni, kiti changu kimepata baba.

Ikapangwa kwamba Jumatatu kabla ya hiyo Alhamisi, wageni watakuja kukagua kiwanda, na Onorable atakuja siku hiyohiyo kuwaonyesha kwamba tunajiweza. Atahutubia ndani kabisa, mbele ya tanuru, na akifika kilele cha hotuba atasema, "Gurudumu letu lije!" Hapo nitalileta gurudumu tulilolimwaga wiki ile, kubwa, zuri, linang'aa, nilipitishe kwenye njia iliyozungushiwa minyororo na kulitua mbele ya miguu yake juu ya magogo. Kwaya itaimba. Wageni wataona aibu na kurudi kwao. Ndivyo ilivyopangwa, na iliandikwa hata kwenye karatasi.

Jumatatu nilipanda mapema. Nilipiga vioo vya kijumba sabuni, nikavaa ovaroli iliyopigwa pasi, nikapaka midomo rangi ingawa hakuna ambaye angeniona. Chini kulijaa watu mpaka kwenye ngazi za stoo. Mama aliruhusiwa kuingia na ndoo zake. Wageni walikuwa watano, kofia mpya vichwani, na mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye kofia nyekundu, aliyekuwa haangalii watu. Alikuwa anaangalia ponti. Karibu na nguzo alisimama shefu wangu wa kazi na daftari lake la majaribio, kalamu tayari.

Onorable akaanza. Hotuba ilikuwa tamu, hata juu ilinifikia kupitia megafoni. Akafika kileleni. "Gurudumu letu lije!"

Muongozaji akanipa nyanyua. Nikanyanyua. Akanipa njoo. Nikaja. Gurudumu likaja polepole, linameta, kwaya ikapasuka kwa wimbo, na Onorable akaligeukia kama anampokea mkwe, akapanua mikono yote miwili, huku na huku, mpaka mwisho.

Nikasimama.

Gurudumu likayumba kidogo hewani na kutulia. Muongozaji akamtazama Onorable, akanitazama minye, akainua mabega. Akanipa njoo. Nikaanza upya. "Hii gurudumu!" akanguruma Onorable, "nani alilimwaga? Ni sisi!" Na mikono hiyo, ikapanuka.

Nikasimama.

Mtu ataniuliza, hukujua kwamba anahutubia tu? Nilijua, jamani! Mtoto wa kuzaliwa jana angejua. Lakini kule juu hujui mikono ipi ina sababu na ipi haina, na mimi nilifundishwa kusimama kwanza. Tena shefu yuko nguzoni na daftari. Nisiposimama, anaandika. Nilipiga hesabu haraka: aibu ya Onorable itaisha jioni, lakini kosa kwenye daftari lingenirudisha kwenye ufagio.

Mara ya tatu alipanua mikono kwa ajili ya Mungu. Mara ya nne kwa ajili ya akina mama wa Katanga. Mara ya tano alikuwa ameshakasirika, akageuka, akanitazama moja kwa moja kule juu, akapanua mikono kuliko mara zote zilizotangulia na kupiga kelele, "Lete! Lete, mama! Unangoja nini?" Na kadiri alivyoniita ndivyo nilivyosimama. Gurudumu liliganda katikati ya kiwanda, si mbele, si nyuma, mbali kabisa na magogo yake.

Aliyeanza kucheka ni yule mgeni wa kofia nyekundu. Alielewa kabla ya wote, bila shaka naye aliwahi kufanya kazi chini ya ponti. Alicheka akashika ukuta. Muongozaji wangu akajaribu kujizuia, akashindwa, akachuchumaa. Wafanyakazi wakaelewa mmoja mmoja, kicheko kikatembea kutoka tanuruni hadi geti, kwaya ikakatika katikati ya ubeti, na sauti ya kwanza ikajifuta macho kwa kitambaa cha sauti ya pili. Nami nikatoa mikono kwenye usukani kwa usalama, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Onorable hakucheka. Yule mwanamke wa kofia nyekundu alinipigia makofi na kuninyooshea kidole gumba, na Onorable akaona. Akaishika megafoni kwa nguvu.

"Munaona? Wageni banamupigia makofi! Ule mwanamuke kule juu, balisha kumununua!"

Kicheko kikafa. Nyuso zote zikanigeukia, zile nyuso nilizoimba nazo mwezi mzima.  Mimi! Mimi niliyepasua kifuniko cha sufuria kwa ajili ya kiwanda! Ningekuwa chini ningemvua kiatu kimoja nimpige nacho.

Mama ndiye aliyejibu wa kwanza, na hakuhitaji megafoni. "Kumununua? Ule? Na ile kichwa yake nguvu, nani atamununua? Minye mwenyewe nilimuzaa, natafuta wa kumupa bure!"

Muongozaji wangu akanigeukia. Alinipa njoo, nikaja. Alinipa shusha, nikalitua gurudumu juu ya magogo bila mlio. Kazi kwanza. Kisha akaenda kwa Onorable, akaiomba megafoni kwa adabu, akaipata kwa sababu alikuwa ameshaishika.

"Ba-kamarade, ukipanua mikono hivi, ponti inasimama. Ndiyo kazi. Minye nilimufundisha. Onorable anapanua mikono mara tano, anasimama mara tano. Kama hapana vile, leo tungekuwa natafuta kofia zenu chini ya gurudumu."

"Uongo!" akasema Onorable.

"Basi apande aone mwenyewe!" akasema mtu huko nyuma.

Sijui nani. Lakini neno lilikuwa tamu mdomoni. "Apande! Apande!" Kwaya ikalipatia sauti nne papo hapo. Simu zikainuliwa juu kumpiga picha, na mwanasiasa mbele ya simu mia si mtu huru tena. Onorable akavua koti, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, akaanza kupanda ngazi na viatu vile vyenye ncha, muongozaji akimpigia kelele kutoka chini, "Uso kwa ngazi, Onorable! Shika na mikono miwili! Usiangalie chini!" Aliangalia chini. Akakumbatia ngazi. Wakamwimbia. Akaendelea.

Alipoingia kijumbani nilimhurumia. Jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni. Mle ndani kuna kiti kimoja tu, nikabaki nimekikalia, yeye akasimama nyuma yangu, mikono miwili imeshika chuma cha dirisha.

"Angalia, Onorable," nikasema. Nikamwonyesha watu wakiwa vichwa tu na kofia. Nikamwonyesha muongozaji kule chini, ambaye alipanua mikono kidogo kwa mfano. "Huku huoni uso wa muntu. Unaona paka mikono."

Akachungulia kwa jicho moja. "Ah," akasema. "Ndiyo vile." Kisha akasema, "Unisamehe, mama."

Jamani, furaha! Onorable mwenyewe ameniomba msamaha ndani ya kijumba changu. Nilikuwa kama nimekunywa munkoyo wa siku nne. Kupitia madirisha ya juu ya kiwanda nilimwonyesha mabati ya Likasi, bomba la moshi, barabara inayokwenda Kambove. Nikamwambia historia yangu yote kwa pumzi moja, ufagio, miaka minane, daftari la shefu. Na kwa vile nafasi kama hiyo haiji mara mbili, nikamwomba.

"Onorable, siku ya Alhamisi ukisimama kule Lubumbashi, ubaambie juu ya hii kiti. Paka hii. Wageni bakiingia, bataitoa. Ubaambie iko mwanamuke moja anaikalia na anajua kusimama."

 Nikageuka. Alikuwa amefumba macho.

"Mama, usijichokeshe," akasema polepole.

"Juu ya nini?"

"Alhamisi haiko. Minye nilisha kusaini kiwanda iuzwe. Mwezi ile ilipita. Siye ba-Onorable bote tulisaini."

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri ni kizunguzungu cha juu kinamsemesha. "Na leo?" nikauliza. "Hotuba? Gurudumu?"

"Leo ni ya bantu tu. Bantu bako na lazima ya kufurahi kidogo."

Nilitazama chini. Walikuwa wanafurahi kweli. Walikuwa wameamini kwamba Onorable na mimi tumepatana kule juu, na ngoma ilikuwa imerudi, na wale wa Kakontwe walikuwa wanacheza na kutoa vumbi. Muongozaji wangu, mtu asiyecheza hata harusini, alikuwa anazunguka gurudumu kwa hatua ndogondogo. Mama alikuwa anagawa munkoyo bure. Mama yangu! Bure! Sikujua kama ninataka kulia au kumsukuma mtu dirishani, na mtu wa kusukuma alikuwa karibu.

Nikapiga honi ya ponti. Honi ile inalia mpaka meno yanauma, na sikuiachia. Ngoma ikanyamaza, miguu ikasimama, nyuso zote zikainuka kwetu. Nikafungua dirisha.

"Onorable," nikamwambia, "ba-kamarade banasikiliza. Ubaambie vile uliniambia."

Akaitazama ngazi. Lakini kati yake na ngazi nilikuwa mimi, na mimi si mwembamba. Akanitazama usoni muda mrefu, labda akitafuta mtu wa kumwonea huruma. Hakumpata. Akapeleka kichwa kwenye dirisha, na akayasema, kwa sauti ndogo, bila megafoni, mikono yote miwili ikiwa imeshika chuma. Kila mtu alimsikia. Hakuna aliyepiga kelele. 

Nilisimama, nikampisha. Alishuka uso kwa ngazi, hatua moja moja, na walipompisha njia kwenda kwenye gari lake hakuna aliyemgusa. Wageni walikuwa wanaangalia viatu vyao. Yule wa kofia nyekundu aliivua.

Watu walianza kuondoka. Muongozaji wangu alibaki peke yake katikati ya kiwanda. Gurudumu lilikuwa linaziba njia, haliwezi kulala pale. Akasawazisha kofia yake ya njano, akainua kichwa, akanipa nyanyua.

Nikakaa vizuri, nikashika usukani. Saa ya kutoka ni saa kumi, na saa kumi ilikuwa bado. Mpaka hapo kiti kilikuwa changu.